FamilySearch kwa anayemtafuta babu Mjerumani aliyelima Afrika Mashariki: inatosha?

Kisanduku cha kutafutia jina ndicho kitu dhaifu kuliko vyote katika FamilySearch, mtandao wa kutafutia kumbukumbu za ukoo, na ndicho wengi wanachokifungua kwanza. Mtu anaandika Schröder, anaongeza Tanganyika, anabonyeza, hakuna kitu. Bando limeliwa, anafunga simu na kuhitimisha kwamba mtandao huu ni wa Wamarekani. Kosa si lake peke yake, maana ukurasa wa mbele umetengenezwa kumvuta pale pale. Ila mali yenyewe imewekwa chumba kingine.

Hukumu yetu tuitoe mapema. Upande wa Ujerumani, yaani kijiji alikozaliwa, wazazi, ndugu, shamba la baba yake, huduma hii inastahili nyota nne kati ya tano. Upande wa Afrika Mashariki, yaani mlowezi mwenyewe akiwa Usambara, Kilimanjaro au Meru, nyota moja na nusu. Kwa mtu aliyeko Kampala, Masaka au Mbarara ambaye wazee wamemwambia "jajja mmoja alikuwa Mdachi mwenye shamba", tofauti hiyo ndiyo inayoamua aanzie wapi.

Huduma yenyewe ni ya bure kabisa. Inaendeshwa na Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, makao yake Salt Lake City, na huhitaji kuwa muumini wala kulipa senti. Unafungua akaunti kwa barua pepe, basi. Kwa miongo mingi walizunguka wakipiga picha vitabu vya parokia na vya wasajili kwenye mikrofilamu. Mwaka 2017 waliacha kusafirisha filamu hizo na kuhamishia kazi kwenye picha za dijitali. Picha hizo ndizo tunazozizungumzia.

Sababu ya udhaifu wa upande wetu ni ya kihistoria. Tangu mkataba wa tarehe 1 Julai 1890 kati ya Uingereza na Ujerumani, Uganda ilibaki kwa Mwingereza, na Mjerumani akabaki kusini ya mpaka, upande wa Bukoba. Kwa hiyo karatasi za mkulima wa Kijerumani hazikuandikwa Entebbe. Ziliandikwa Tanga, Moshi, Wilhelmstal ambayo leo ni Lushoto, na Dar es Salaam, na nakala zikaenda Berlin. Hifadhi ya taifa ya Uganda, ambayo sasa iko Wandegeya, ina mafaili ya Sekretarieti ya Entebbe, yaani ofisi kuu ya serikali ya kikoloni, na yanafaa kama mtu wako alivuka mpaka, alikamatwa wakati wa vita au aliomba kibali. Mwaka wa kuzaliwa na jina la kijiji usitegemee kuvipata humo. FamilySearch nayo haikupiga picha mafaili ya koloni ya Kijerumani kwa namna ya kukusaidia. Usiilaumu kwa hilo, lakini usipoteze wiki tatu humo pia.

Kinachofungua kila kitu ni kijiji. Ujerumani haina daftari moja la taifa la waliozaliwa. Usajili wa serikali ulianza Prussia, jimbo kubwa kuliko yote katika dola hiyo, tarehe 1 Oktoba 1874 na dola nzima tarehe 1 Januari 1876, kila ofisi na vitabu vyake. Kabla ya hapo ni kanisa, parokia kwa parokia. Mtu aliyefika Tanga mwaka 1908 akiwa na miaka thelathini alizaliwa kama 1878, kwa hiyo yumo katika vitabu viwili: cha msajili na cha ubatizo. Bila jina la kijiji, vyote viwili ni sindano kwenye nyasi.

Kijiji hicho utakipata kwenye karatasi za koloni, na hapa FamilySearch inabidi isubiri kidogo. Pa kwanza ni magazeti. Maktaba ya taifa ya Berlin, kwenye mtandao wake uitwao ZEFYS, imeweka bure magazeti ya wakati huo, likiwemo Deutsch-Ostafrikanische Zeitung la Dar es Salaam, lililotoka kuanzia 1899 hadi 1916. Unafungua kwa tarehe, ukurasa kwa ukurasa. Kuna orodha za abiria walioshuka na waliopanda meli, matangazo ya harusi na vifo, notisi za mahakama, mashamba yanayouzwa. Hesabu ya 1913 ilikuta Wazungu 5,336 tu koloni nzima. Watu wachache kiasi hicho, na gazeti linatoka kila wiki: mlowezi aliyekaa miaka mitano ni nadra asitajwe hata mara moja, japo kwa kudaiwa deni.

Pa pili ni orodha za abiria wa Hamburg, 1850 hadi 1934, zenye pengo la miaka ya vita 1915 hadi 1919. Ziko Ancestry, mtandao mwingine wa ukoo ambao ni wa kulipia, lakini kompyuta za vituo vya FamilySearch mara nyingi hufungua Ancestry bila malipo. Safu ya kuangalia ni ya makazi ya mwisho. Angalia vizuri: makazi ya mwisho si mahali pa kuzaliwa. Kijana wa Pomerania aliyefanya kazi mwaka mmoja Hamburg ataandikwa Hamburg, na watu wamepoteza miezi wakitafuta ubatizo wake pale. Kumbuka pia kwamba meli za Deutsche Ost-Afrika-Linie zilipitia bandari za Mediterania. Aliyepandia Napoli au Marseille hayumo. Na kama aliondokea Bremen kabla ya vita, sahau: orodha za zamani za Bremen ziliharibiwa, zilizobaki ni za 1920 hadi 1939.

Pa tatu ni Bundesarchiv, hifadhi ya shirikisho, kwa programu yao ya kutafutia iitwayo invenio, bure pia. Fungu la R 1001 ni la Wizara ya Makoloni, na sehemu kubwa inasomeka mtandaoni. R 1003 ni la utawala wenyewe wa Deutsch-Ostafrika, yaani koloni la Kijerumani la Afrika Mashariki. Usitafute kwa jina la mtu tu. Tafuta jina la shamba, la wilaya, na maneno ya kazi: Pflanzer ni mwenye shamba kubwa la mkonge, mpira au kahawa, Ansiedler ni mlowezi mdogo, Landwirt ni mkulima kwa ujumla, Pflanzungsassistent ni kijana wa kuajiriwa anayesimamia vibarua. Wazee wengi wanaosemwa "alikuwa na shamba" walikuwa hao wa mwisho. Shamba lilikuwa la kampuni, naye alikuwa na mshahara, kofia na farasi. Ukimtafuta kwenye hati za ardhi humpati. Mtafute kwenye habari za kampuni.

Mafaili asilia ya utawala huo wa Kijerumani yako Dar es Salaam, katika Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Tanzania. Namba zake huanza na herufi G, na yameingia kwenye rejista ya Kumbukumbu ya Dunia ya UNESCO tangu 1997. Uliza masharti ya ruhusa kwa barua kabla ya kukata tiketi ya basi.

Sasa jina. Hapa ndipo familia za Uganda zinapokwama zaidi, kwa sababu jina limepita kwenye masikio mengi. Kijerumani husoma V kama F, W kama V, J kama Y, Z kama ts. Ongeza ulimi wa Kiganda unaobadilishana R na L, na kawaida yetu ya kufunga kila neno kwa irabu. Schröder anakuwa Suleda. Weber anakuwa Veba. Vogel anakuwa Fogeli. Jäger anakuwa Yega. Kwa hiyo rudi nyuma sauti kwa sauti: kama familia inasema "Fosi", andika Voss na Fuchs, yote mawili. Herufi zenye nukta mbili juu ziandike kwa njia tatu, Müller, Mueller na Muller, maana waliotengeneza faharasa hawakukubaliana. Na kama mnachokumbuka ni lakabu tu, kama vile Bwana Mkonge au Bwana Fimbo, hilo si jina la kutafutia. Kusanyeni kwanza jina la shamba na la mtambo au stesheni ya jirani. Reli ya Usambara ilianza kujengwa Tanga mwaka 1893, ikafika Korogwe 1902 na Mombo 1905. Ukijua stesheni, unajua karibu ni miaka gani na wilaya gani.

Jambo moja linalowapotosha hata wazoefu: si kila aliyeitwa Mjerumani alizaliwa Ujerumani. Leganga, chini ya Mlima Meru, waliletwa walowezi wa asili ya Kijerumani kutoka Urusi. Vitabu vya ubatizo vya hao viko upande wa dola ya Urusi, si Prussia.

Ukishakuwa na kijiji, hakikisha ni kipi. Majina kama Neustadt na Neukirchen yamerudiwa kila mkoa. Fungua Meyers Gazetteer, kamusi ya miji na vijiji vya dola ya Ujerumani iliyochapwa 1912 na 1913, sasa iko mtandaoni bure. Inakuambia kijiji kilikuwa mkoa gani, wilaya gani, ofisi gani ya msajili, na kanisa la karibu lilikuwa la Kilutheri au la Kikatoliki. Andika hayo yote, ndipo urudi FamilySearch.

Na hapa ndipo inapopata nyota zake nne. Usiingie kwenye kisanduku. Ingia kwenye katalogi, chagua kutafuta kwa mahali, andika jina la kijiji, kisha lile la parokia, kisha la mji wenye msajili. Fanya yote matatu, kwa sababu filamu imewekwa chini ya mojawapo tu. Mahali pamepangwa kwa mipaka ya dola ya zamani: Ujerumani, Preußen (Prussia), Pommern (Pomerania), halafu wilaya na kijiji. Ukiandika jimbo la leo hupati. Kitakachotokea ni orodha ya filamu zenye miaka: ubatizo, ndoa, maziko. Pembeni ya kila filamu kuna alama ya kamera. Kamera tupu maana yake picha zinafunguka nyumbani kwako. Kamera yenye ufunguo juu maana yake picha zipo, lakini mkataba na mwenye vitabu unaruhusu zifunguliwe kwenye kituo cha FamilySearch au maktaba shirika tu. Usikate tamaa ukiona ufunguo, wala usihangaike kudanganya mtandao. Andika namba ya filamu na namba ya mafungu unayotaka, nenda kituoni ukiwa na flashi na orodha iliyokamilika. Vituo huwa ndani ya majengo ya kanisa hilo, vinaendeshwa na wanaojitolea, na saa zake ni chache. Piga simu kwanza. Ukifika umeme umekatika, siku imekwisha.

Filamu nyingi hazina faharasa hata kidogo, ndiyo maana kisanduku cha mbele hakizioni. Unazipekua kwa mkono. Filamu moja inaweza kuwa na picha mia kadhaa za ukurasa mzimamzima, kwa hiyo bando dogo la siku halitoshi. Tumia Wi-Fi au bando la usiku, na tumia kompyuta. Kwenye simu mwandiko ule hausomeki, utaumiza macho bure. Ruka kwa nusu: fungua picha ya katikati, soma mwaka, rudi au songa mbele, kama unavyotafuta jina kwenye kamusi. Vitabu vingi vina faharasa ya majina mwishoni mwa kila mwaka au mwisho wa kitabu, anza hapo.

Ubora wa hazina unategemea mkoa. Württemberg ni neema: tangu 1808 wachungaji waliagizwa kuandika rejista ya familia, ukurasa mmoja baba, mama, na watoto wote na tarehe zao, na pembeni mchungaji aliongeza aliyehama na alikohamia. Ukurasa mmoja wa aina hiyo unaweza kukumalizia kazi ya mwezi. Mikoa ya mashariki iliyokwenda Poland baada ya 1945 pia imepigwa picha kwa wingi, na mtandao wa hifadhi za taifa za Poland unaongeza nyingine bure. Shida huko ni kwamba vijiji vilibadilishwa majina. Kartenmeister, mtandao wa majina ya vijiji, nayo bure, hukupa jina la Kipolandi ukiandika la Kijerumani. Ila sehemu kubwa za Ujerumani ya kati na ya magharibi, hasa Walutheri, FamilySearch haina, na hapo unakwenda Archion, mtandao wa picha za vitabu vya kanisa, ambao ni wa kulipia, karibu euro 20 kwa mwezi, sawa na shilingi 80,000 za Uganda hivi. Usilipe kabla ya kuangalia: orodha ya parokia zilizomo iko wazi bila malipo. Kusanya maswali yako yote, lipa mwezi mmoja, maliza, acha. Kadi yako ya Visa au Mastercard lazima iwe imefunguliwa kwa malipo ya nje. Kwa Wakatoliki jaribu Matricula, mtandao mwingine wa aina hiyo, ambayo ni bure na picha zake ni safi kuliko za FamilySearch, ingawa dayosisi zilizomo ni baadhi tu.

Mwandiko unawatisha watu kuliko unavyostahili. Watakuambia ujifunze Sütterlin, mwandiko wa mkono wa Kijerumani. Mwandiko huo uliingizwa shule za Prussia mwaka 1915. Mchungaji aliyembatiza babu yako mwaka 1878 aliandika Kurrent, mwandiko wa zamani zaidi, na vielezo vya mtandaoni vya Sütterlin vitakupotosha nusu ya herufi. Jifunze herufi chache zinazoua: e ndogo inafanana na n, u ina kikofia juu ili isichanganywe na n, s ya katikati ni ndefu kama f isiyokatwa, h ina kitanzi juu na chini. Habari njema ni kwamba wachungaji wengi waliandika majina ya watu na maneno ya kigeni kwa herufi za Kilatini, zile zetu za kawaida, katikati ya Kurrent. Jicho likizoea, jina la ukoo linajitokeza lenyewe. Kama mtoto ana majina matatu na moja limepigiwa mstari, hilo ndilo aliloitwa nyumbani, na ndilo utakalolikuta Tanga. Programu ya Transkribus husoma mwandiko huo kwa mashine na ina kiasi cha bure. Ipe kazi ya kwanza, kisha wewe usahihishe, hasa tarakimu na majina.

Mti wa pamoja wa FamilySearch ndio uliowanyima nyota ya tano. Ni mti mmoja wa dunia nzima, na mtu yeyote mwenye akaunti anaweza kubadilisha alichoweka mwingine. Unaweza kuamka ukute babu yako ameunganishwa na Schröder mwingine wa Ohio kwa sababu tu mwaka umelingana. Weka nakala yako nje, na kila taarifa unayoiweka ndani ambatisha picha ya ukurasa. Mapendekezo ya mashine yachukue kama uvumi wa sokoni: huenda ni kweli, nenda ukaone mwenyewe.

Kuna tawi moja ambalo huduma hii hailifikii kabisa, nalo ndilo la wasomaji wengi wa Uganda: mtoto wa mlowezi na mama Mwafrika. Msajili wa koloni aliandika Wazungu. Mtoto huyu kwa kawaida hakuingia humo, hata kama baba alimlea. Alipo ni kwenye kitabu cha ubatizo cha misheni. Kwa hiyo uliza kwanza ni misheni gani ilikuwa karibu na shamba. Kilimanjaro ni Walutheri wa Leipzig na Mapadre wa Roho Mtakatifu. Usambara ni Bethel, misheni ya Kiprotestanti ya Kijerumani. Bukoba ni Wamisionari wa Afrika, yaani White Fathers, na Bethel waliofika 1910. Vitabu vya Kikatoliki viliandikwa Kilatini, na vingi bado viko parokiani, si mtandaoni. Utaona safu ya baba imeandikwa pater ignotus, baba hajulikani. Usifunge kitabu. Angalia safu ya msimamizi wa ubatizo, mahali pa kuzaliwa kama pametajwa shamba badala ya kijiji, na nafasi pembeni ambapo ndoa ya mtoto huongezwa miaka ishirini baadaye, safari hii wakati mwingine na jina la baba. Katibu wa parokia hana muda wa kukupekulia miaka kumi. Mpelekee miaka miwili au mitatu, jina la ubatizo na la mama, na sadaka kidogo haikatazwi.

Baada ya Vita vya Kwanza mashamba ya Wajerumani yalitaifishwa kama mali ya adui na kuuzwa, wenyewe wakarudishwa kwao. Waliruhusiwa kurejea Tanganyika mwaka 1925. Kama simulizi la familia lina mzee anayetoweka ghafla 1916 na kuibuka tena 1926, halijakosewa. Magazeti ya serikali ya Tanganyika ya miaka ya 1920 yana matangazo ya mauzo hayo, na yanataja mwenye shamba wa zamani kwa jina.

Kwa cheti cha usajili wenyewe, andikia ofisi ya msajili au hifadhi ya mji husika. Kwa waliozaliwa au kuoa kwenye koloni, anza kwa kuandikia Standesamt I, ofisi ya msajili ya Berlin. Vizazi hufunguliwa kwa kila mtu baada ya miaka 110, ndoa 80, vifo 30. Kabla ya hapo lazima uthibitishe kwamba wewe ni mzao wake wa moja kwa moja, cheti juu ya cheti. Barua iwe ya Kijerumani, fupi: jina, mwaka, mahali, unachotaka, uhusiano wako. Usitume maelezo ya kurasa tatu. Uliza ada kabla, na uliza kama wanapokea kadi, kwa sababu kutuma euro 15 kwa benki kutoka Kampala kunaweza kukugharimu makato makubwa kuliko ada yenyewe. Kama ni maombi mawili au matatu katika ofisi moja, yaunganishe yalipwe mara moja.